Kigoda cha Bi. Mwatabu

Nchi zisizo kwenye ramani nimezitembelea nyingi, na kila moja nimeikuta na jambo lake la kujivunia. Moja ilijivunia mahakimu wasiosinzia, nyingine ilijivunia mvua ya serikali. Lakini majivuno yaliyotulia kama ya Dhamani sijayaona kwingine. Wenyeji hawapigi kelele. Wanakutazama kwa huruma tu, kisha wanakwambia kwamba kwao kila anayekopa hulipa, na hajatokea hata mmoja wa kuharibu hesabu. Mimi nilikuwepo siku majivuno hayo yalipovunjika, mchana kweupe, na aliyeyavunja namfahamu.

Nilivyofika si habari. Habari inaanzia mpakani, ambako hawaulizi pasi wala cheti cha chanjo. Afisa wa zamu, mama mwenye sauti ya upole, aliniuliza swali moja tu.

“Unadaiwa na nani?”

Mimi ni mtu wa kujigamba nikipata nafasi, na hapo niliipata. “Sidaiwi na mtu yeyote,” nikasema, kifua mbele.

Yule mama akaweka kalamu chini. “Pole sana, baba,” akasema. “Kumbe hata mtu mmoja hajakuamini?”

Nilijifunza papo hapo kwamba Dhamani, asiyedaiwa hapangishwi chumba, haozwi mke na hasalimiwi barabarani. Nikakopeshwa mwavuli kwa lazima, ingawa mawingu hayakuwepo, kwa sharti la kuurudisha pamoja na nusu mwavuli ya riba. Nusu mwavuli nitaipata wapi, nikauliza. Akanijibu kwamba watu wote huanza kwa kuuliza hivyo. Kisha, kwa kuwa sheria yao hairuhusu mdaiwa kukaa peke yake, nikaambatanishwa na kikundi kimoja cha kijijini, kiitwacho Tushikamane, nikae nacho mpaka nitakapoondoka.

Wa kunipeleka alikuwa Bwana Faki, afisa mikopo wa Nyumba ya Wema. Nyumba ya Wema ndiyo inayokopesha nchi nzima, na Bwana Faki alikuwa mtumishi wake wa siku nyingi, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, mkoba begani. Kwapani alibeba kigoda kidogo cha mbao. Nilidhani ni cha kupumzikia. Lakini tulipopumzika aliketi chini kwenye vumbi, na kigoda akakipakata.

Njiani nilisikia salamu zao. “Umelipa?” “Nimelipa.” “Na wenzako?” “Nao wamelipa.” Hayo yakiisha ndipo watu huruhusiwa kuulizana kuhusu homa, watoto na mvua. Bwana Faki alinieleza maana yake kwa fahari. Wanavijiji hukopa kwa vikundi vya watano watano. Mmoja akishindwa kulipa, wanne humlipia, kisha huenda kwake kuchukua sufuria, mbuzi, hata bati la juu ya nyumba.

“Hatuna askari wa madeni,” akasema. “Kila jirani ni askari. Ndiyo maana marejesho yetu ni asilimia mia moja.”

“Mia kamili?” nikauliza. “Hata kwetu wanaosali sana hawafiki mia.”

“Mia kamili, ndugu,” akasema Bwana Faki, akakihamishia kigoda kwapa la pili.

Tulifika wakati wa kikao. Uani kwa binti mmoja aitwaye Sihaba palipangwa vigoda vitano, na wanawake wanne walikuwa wameketi. Nilikuwa nimechoka, na adabu za kungoja kukaribishwa zilinitoka kichwani. Nikajitupa kwenye kigoda cha tano, kilichokuwa na khanga iliyokunjwa vizuri juu yake.

“Inuka!” ikapigwa kelele ya kuwafukuza kima shambani. “Inuka, baba! Umemkalia Bi. Mwatabu!”

Niliruka, nikageuka kumtazama niliyemponda. Hapakuwa na mtu. Ilikuwepo khanga tu, imefifia rangi, maandishi yake yakisomeka bado: Wema hauozi. Aliyepiga kelele ni mwenyekiti wa kikundi, Bi. Nyange, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea magunia. Aliikung'uta khanga, akaikunja upya, akairudisha juu ya kigoda na kuniomba nimtake radhi Bi. Mwatabu. Nikamtaka radhi. Nimewahi kuwataka radhi watu wasiostahili zaidi.

Bwana Faki akaanza kuita majina. Bi. Nyange akaitikia, wakaitikia wafinyanzi wawili, mtu na dada yake, akaitikia Sihaba. “Bi. Mwatabu?” akaita. Watatu wakajibu kwa pamoja, “Yupo.” Sihaba hakufungua mdomo. Kisha kila mmoja akatoa rejesho lake, na juu yake akaongeza kidogo kwa ajili ya Bi. Mwatabu, wakapiga makofi matatu kama sheria inavyotaka, kikao kikafungwa.

“Huyu Bi. Mwatabu anaumwa?” nikamuuliza Bwana Faki.

“Ni mwanachama mwaminifu,” akajibu haraka. “Hajakosa kikao.”

Alipoondoka, nilimkuta Sihaba jikoni akitwanga mihogo mikavu. Nilimuuliza yeye. Akautua mchi.

“Ni mama yangu,” akasema. “Alikopa kufuga kuku. Kikaingia kideri, kuku wakateketea wote, hata jogoo wa jirani. Akakopa tena kulipa mkopo wa kwanza, akakopa tena kulipa wa pili. Akawa hali, anasema hana njaa. Mwaka jana, msimu wa kupalilia, akalala akasema anapumzika kidogo.”

“Akafa?”

Alinirukia akaniziba mdomo kwa mkono wenye unga. “Usilitamke hapa, baba! Utatutozesha sisi.”

Hapo ndipo nilipoelewa ile asilimia mia. Katika Dhamani, mdaiwa hafi. Anaweza kuacha kupumua, hilo ni jambo lake na Muumba wake, lakini kifo chenyewe huanza pale tu ofisa wa Nyumba ya Wema anapokitamka hadharani kwa kinywa chake, na hapo deni hufutika. Kwa hiyo hakuna ofisa aliyewahi kukitamka. Mtu mwingine akikitamka, hutozwa faini kwa kumwapiza mwanachama. Na anayelia hutozwa zaidi, maana kulia ni kueneza uvumi. Kwetu tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwao harusi ya kukopa ipo, ila matanga yamepigwa marufuku.

“Mlimzika wapi?” nikamnong'oneza.

Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye mgomba mmoja uliosimama peke yake, mkungu wake umeiva mpaka ndege wanautoboa. “Tulimwambia kila mtu tunapanda mgomba. Hata Bwana Faki alikuja akatusaidia kushika jembe. Umezaa, kama unavyoona. Ndizi zake sijawahi kuzionja.” Akauchukua tena mchi. “Mama nimemlipia, baba. Kila wiki namlipia. Kumlilia ndiyo bado.”

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huenda kutafuta wakubwa. Kesho yake nikafunga safari mpaka Baraza la Tafsiri, wanakokaa wanazuoni wa sheria za mikopo, nikamkuta kiongozi wao, Maalim Khatibu, katikati ya mjadala.

“Kufa ni kuvunja mkataba,” alinifafanulia kwa upole mkubwa. “Na mkataba hauwezi kuvunjwa na upande mmoja. Hata ungekuwa wewe ndiye mkopeshaji, ungekubali?”

“Na anayepigwa na radi, maalim?”

“Anatakiwa kutoa taarifa mapema.”

Mwanazuoni mmoja kijana, ambaye wenzake walimtazama kama mhuni, alipendekeza watu waruhusiwe kufa kwa awamu. Aliyelipa robo afe miguu, aliyelipa nusu afe mpaka kiunoni, na kadhalika. Maalim akampinga kwamba mtu aliyekufa miguu hawezi kutembea kwenda kikaoni, na mahudhurio yatashuka. Walibishana mpaka chakula kikaletwa. Nilirudi kijijini nimeshiba na nimekata tamaa, hali ambayo wageni wengi wa mabaraza wataifahamu.

Nikamkuta Bwana Faki uani kwa Sihaba, shati limemlowa jasho, kikundi kizima kimemzunguka.

“Makao makuu yamemteua Mkopaji Bora wa nchi,” alikuwa akisema. “Wageni wanakuja, wale Wenye Mtaji kutoka ng'ambo ya milima, kushuhudia. Wakubwa wametafuta mtu asiyechelewa, asiyenung'unika, asiyeomba nafuu, asiyembishia ofisa.” Akameza mate. “Wamempata Bi. Mwatabu.”

Bi. Nyange alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. “Zawadi yake nini?” akauliza.

“Mkopo mkubwa zaidi. Mara tatu ya ule wa kwanza.”

“Ala!” Bi. Nyange akasimama. “Na sisi wanne ndio tuulipe? Bwana Faki, wewe mwenyewe ulishika jembe!”

“Nilishika jembe la kupandia mgomba, dada yangu. Ndivyo nilivyoandika.” Akamgeukia Sihaba, sauti ikashuka. “Binti, sheria inataka mpokeaji aseme kwa kinywa chake, ‘Nimepokea.’ Neno moja tu. Jifunike khanga ya mama, ukae kwenye kigoda chake, uliseme. Sauti zenu zinafanana. Ukikataa, kila mtu atajua kwamba kikundi chenu kimemfedhehesha Mkuu wa Nyumba ya Wema mbele ya wageni, na mabati ya nyumba zenu yatashuka siku hiyohiyo. Siwatishi. Ninawajua.”

“Nikilisema,” akasema Sihaba, “mama atadaiwa mpaka wajukuu wangu wazeeke.”

Mmoja wa wafinyanzi akaanza kulia, dada yake akamfinya. Kisha Bi. Nyange, ambaye nilidhani angekuwa wa mwisho kulegea, akamshika Sihaba bega.

“Liseme tu, mwanangu,” akasema. “Mimi nina watoto chini ya bati lile. Mwatabu alikuwa shoga yangu tangu hatujavunja ungo. Angekuwepo angekwambia liseme.”

“Angekuwepo angelisema mwenyewe,” akajibu Sihaba, akaingia ndani. Hakutuambia ataamua nini.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Vikundi vilikuja kutoka pande zote, kila mtu na kigoda chake, na hapo nikaona nisichokuwa nimekiona nikiwa kijijini. Katikati ya watu palikuwa na vigoda visivyokaliwa. Kimoja kina kofia ya kufuma, kingine fimbo, kingine kilemba, vingine khanga, khanga, khanga. Nilianza kuvihesabu nikaacha. Jukwaani walikaa Wenye Mtaji wakijipepea, na Maalim Khatibu pamoja nao kama mkalimani wa mambo. Bwana Mkuu wa Nyumba ya Wema alikuwa mtu wa bashasha, na hotuba yake ilikuwa nzuri. Alisema umaskini hauna nafasi pale penye nidhamu. Alisema asilimia mia si namba, ni tabia. Wageni wakapiga makofi. Kisha akaita jina la Bi. Mwatabu.

Sihaba alikuja mbele amekibeba kigoda cha mama yake, khanga juu yake kama kawaida. Akakiweka mbele ya jukwaa. Nilimwona Bi. Nyange akifumba macho. Sihaba hakujifunika na hakukaa. Alisimama kando ya kigoda, mikono ameifunga kwa adabu, akatazama chini.

“Mama,” Mkuu akasema akitabasamu, “Nyumba ya Wema inakukabidhi mkopo wako mpya. Sema neno lako.”

Kigoda kikakaa kimya.

“Mama yetu ana haya,” akasema Mkuu. Watu wakacheka kidogo. “Mama, neno moja tu.”

Tukangoja. Jua lilituchoma. Maalim Khatibu aliinama akamnong'oneza Mkuu kwamba ukimya una faini yake kisheria. Mwanazuoni mwenzake aliyekaa nyuma yake akasema huenda mama amezidiwa na furaha, na furaha haina faini. Wakaanza kubishana pale pale. Ndipo mgeni mmoja, mama mwenye miwani mikubwa, akainuka kidogo kwenye kiti chake na kuuliza kwa nia njema kabisa, “Samahani jamani, mbona mimi simwoni mtu?”

Mkuu akageuka. “Bwana Faki! Huyu mama yuko wapi?”

“Yupo, bwana mkubwa,” akasema Bwana Faki, macho kwenye kigoda alichokipakata.

“Yupo wapi?”

“Kikaoni, bwana mkubwa. Hajakosa.”

Bashasha ikamtoka Mkuu. Aliteremka jukwaani kwa hasira, akaishika ile khanga kwa ncha, akaivuta. Chini yake palikuwa na ubao mtupu. Akabaki ameining'iniza khanga mkononi mbele ya umati mzima.

Sihaba akainua kichwa.

“Bwana Mkuu,” akasema, na sauti yake ilifika mpaka nyuma, “umemvua mama yangu khanga mbele za watu.”

Uwanja ukaguna. Niseme kwamba Dhamani, kama kwetu, mwanamume aliyemvua mwanamke mtu mzima nguo hadharani haponi kwa maneno. Wazee wa kiume wakaanza kuinuka. Mtu mmoja akasema kwa sauti, “Aibu gani hii!” Wengine wakaokota fimbo zao.

“Kama yu hai,” Sihaba akaendelea, bila kupaza, “piga magoti umwombe radhi, umfunike. Kama hayupo, sema.”

Mkuu akatazama khanga. Akatazama kigoda, akatazama wale wazee wanaosogea, akawatazama wageni. Nimewaona wakubwa wengi wakitafuta njia ya kutokea, lakini huyu hakuwa na hata dirisha.

“Jamani, mimi sijamvua mtu!” akapiga kelele. “Hapa pana mtu gani? Ninyi hamna macho? Huyu mama si amekufa!”

Alipolitamka alijua. Mdomo ulibaki wazi, kama anataka kulirudisha ndani. Maalim Khatibu akafumba macho.

Sihaba aliichukua khanga mkononi mwa Mkuu taratibu, hata bila kumpokonya, akaifunga kiunoni. Akaweka mikono kichwani. Akamlilia mama yake. Alilia kwa sauti yote ya mwaka mzima, akimwita kwa jina, akimsimulia kuku wake, njaa yake na ndizi zilizoliwa na ndege. Bi. Nyange akaja mbio akamkumbatia, akalia kuliko yeye, akimwomba shoga yake msamaha kwa habari ya lile bati. Wafinyanzi wakafuata.

“Nimesema huyu mmoja!” Mkuu alikuwa akipaza sauti. “Huyu mmoja tu! Wengine wote wapo!”

Lakini upande wa pili wa uwanja mwanamume mmoja alikwisha kuinuka. Aliichukua ile kofia ya kufuma juu ya kigoda kilichokuwa kando yake, akaikumbatia kifuani, akasema, “Baba.” Kisha mwingine akaishika ile fimbo. Kisha sikuweza tena kujua nani ameanza na nani amefuata, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa unalia, vikundi kwa vikundi, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwatoza watu wote hao.

Yule mgeni mwenye miwani alimshika Maalim mkono. “Wanaimba nini?” akamuuliza.

“Wanatoa ushuhuda,” akasema Maalim, na kwa mara ya kwanza alikuwa ametafsiri sawasawa.

Mimi nilipenya nikamtafuta Bwana Faki, maana nilitaka kuondoka nchi ile bila deni, kama nilivyoingia. Nilimkuta pembeni, peke yake. Kigoda chake amekitua chini, mara ya kwanza kukiona kimetuliwa. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa cha kichwa cha kike, cha samawati, akakikung'uta na kukitandika juu ya kigoda, akakinyoosha pembe zote nne.

“Bwana Faki,” nikasema, “nimekuja kurudisha mwavuli.”

Hakugeuka. “Nisubiri kidogo, ndugu yangu,” akasema. “Mke wangu bado sijamlilia.”

Nikaufungua ule mwavuli nikamshikia juu ya kichwa, maana jua lilikuwa kali, naye akalia mpaka alipomaliza. Mwavuli nilimwachia palepale. Ile nusu ya riba Nyumba ya Wema inanidai mpaka leo, na sina nia ya kuilipa.